Rangi Isiyo na Risasi

Jumatatu, 8 Septemba
Furaha haina mfano. Kaunti imebandika tangazo: inatafutwa rangi nyeupe ya kuchora vivuko vya watembea kwa miguu mbele ya shule. Masharti mawili tu. Iwe rafiki kwa mazingira, na isiwe na risasi. Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka Ukunda. Mimi nauza ndoo na brashi, rangi sijapata kuuza, lakini risasi ndiyo kabisa sina. Nani huyo anayetia risasi kwenye rangi? Mombasa huko, labda.
Dada yangu Twaiba, ambaye nalala sebuleni kwake, amesema hii ndiyo tenda ya mwisho. Nikiikosa, narudi Munje kulima mihogo ya ami. Siikosi.

Jumanne, 9 Septemba
Rangi tayari. Chokaa, uji wa muhogo, chumvi kidogo ili ishike. Nyeupe pepepe! Jaafar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, amepita akaniuliza kama nafuturisha watu. Naye anaitaka tenda. Anajisifu kwamba rangi yake imepimwa maabara, haikuonekana na risasi. Maabara wanajua nini habari za bunduki? Adui hafundishwi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekwenda polisi. Nimemwamkia mkuu wa kituo shikamoo, ingawa ni mdogo kwangu, nikamwomba barua ya kuthibitisha kwamba sina risasi. Akauliza nani amesema ninazo. Nikajibu hakuna, ila kesho wataniuliza. Hapo akaamuru mlango ufungwe.
Wamepekua duka langu ndoo kwa ndoo. Rangi wameikoroga kwa rungu, na kusema kweli imelainika kuliko nilivyoiacha. Alasiri nikapata barua yangu, na muhuri juu yake: mwenye barua hii amepekuliwa, hakupatikana na risasi. Nimeibusu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mbele ya Bi Hafswa, afisa wa ununuzi. Jaafar kaweka cheti chake cha maabara. Mimi nikaweka barua ya polisi juu yake. Bi Hafswa akaisoma mara mbili, akainuka, akasimama dirishani akitupa mgongo, mabega yakimtikisika. Aliporudi akanieleza kwa upole kwamba risasi hiyo ni madini, hutiwa kwenye rangi, mvua ikayachukua hadi visimani, watoto wakadhurika. Nikamwambia nilikuwa najua.
Akasema kila mmoja achore kivuko chake nje ya shule, kesho atakuja kukagua. Nimechora mistari minene, imenyooka. Nimeitazama mpaka machozi yakanilengalenga.

Ijumaa, 12 Septemba
Mbuzi. Wa Bi Garama, jirani wa shule, wote. Wameramba kivuko changu, wamebakisha lami. Cha Jaafar hawakukigusa.
Nimemwonyesha Bi Hafswa kwamba mbuzi ni wazima, hata mmoja hakukohoa. Amekubali kwamba hajapata kuona rangi rafiki kwa mazingira kama yangu, tatizo ni kwamba sasa imo tumboni mwa mbuzi. Tenda ni ya Jaafar. Naye Jaafar amenipa mkono na kuniambia pole, jambo ambalo sitamsamehe.

Jumanne, 16 Septemba. Munje
Viganja vimejaa malengelenge. Ami hanisemi, ananionyesha tu tuta linalofuata.
Lakini leo! Bajia zangu zilifungwa kwa gazeti, na gazetini mna kaunti tena. Wanatafuta paa jipya kwa ajili ya soko, rafiki kwa mazingira. Karani kaandika "jipya" badala ya "mpya"; siku hizi hata ngeli za wanyama zinawashinda. Si kitu, nimewaelewa. Paa wamejaa Shimba Hills, wanakula majani na hawamdhuru mtu. Urafiki gani na mazingira unaozidi huo?
Nimemwomba ami kamba. Safari hii Jaafar hanipati. Atamtoa wapi paa? Dukani mwake mmejaa mabati tu.