Ufunguo wa Pili wa Gari la Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mama amepangiwa siku ya upasuaji wa macho. Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi na mapema, hospitali kubwa ya nje ya mji. Wataanza na jicho la kulia. Daktari amesema mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, na kwamba Mama akikosa siku hiyo atangoja hadi mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka huenda asione hata mwanga wa dirisha. Sasa hivi anachambua mchele kwa vidole. Hukaa barazani na ungo wake, uso ameuelekeza kwingine, na hakuna kijiwe kinachompita.

Nimesema nitampeleka mimi, kwa gari la marehemu Baba. Dada akasema atampeleka yeye. Nikaomba basi niushike ufunguo hata siku moja, niuzoee. Akasema ufunguo ni mmoja tu, ukipotea tutatembea wote kwa miguu.

Ndicho ninachokisema kila siku! Gari lenye ufunguo mmoja si gari, ni mateka.

Siku marehemu alipouweka ufunguo ule kwenye kiganja cha Dada, mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi kuliko yeye. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji ya dawa. Labda aliona mikono yangu haina nafasi. Nimejiambia hivyo tangu tumzike, na bado inauma.

Uamuzi: nitatengeneza ufunguo wa pili. Kwa mikono yangu. Pasipo mtu kujua.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo la kwanza lilikuwa kuupata ule wa asili. Dada ni mkunga. Wiki hii yuko zamu ya usiku, mchana analala, na ufunguo unalala mfukoni mwa sare yake. Nikajitolea kufua nguo za nyumba nzima.

Shemeji, mume wa Dada, dereva wa lori anayejiona kama ndiye aliyevumbua gurudumu, aliniuliza kama naumwa. Huniita Mhandisi, na si kwa heshima. Mama alinibariki. Akasema marehemu angefurahi kuniona nikimsaidia dada yangu. Nilizipokea baraka hizo kwa niaba ya mpango.

Nikaloweka nguo, nikakimbia kwa fundi wa funguo. Amenichongea mpya. Kichwa cheusi, vitufe vinang'aa, mzuri kuliko wa Dada! Kisha akaniharibia furaha. Akasema chuma peke yake hakitoshi. Ndani ya kichwa cha ufunguo wa asili kuna chipu, ndogo kama punje ya mchele, na gari halikubali kuwaka mpaka liitambue. Nilete gari, ana mashine ya kuutambulisha ufunguo mpya, ni kazi ya muda wa kunywa chai.

Nilete gari! Gari likitoka uani Mama atalisikia hata kama amelala. Ningekuwa mtu wa kuleta gari ninapotaka, ningehitaji ufunguo wa nini? Nikamwambia nitautambulisha mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayetazama msafiri aliyekosa njia, akanitakia kazi njema.

Niliporudi povu lilikuwa limekauka. Nimefua upya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefua tena. Vidole vimechubuka. Shemeji amemwambia Mama kwamba nina jambo. Mtu akifanya wema katika nyumba hii anashukiwa.

Kwenye simu nilipata video ya bwana mmoja anayeonyesha namna ya kuutambulisha ufunguo bila mashine. Mwanzoni anaongea tu, nikaparuka. Nikaingia garini, kwenye kiti cha Baba. Nikafunga milango yote. Nikaingiza ufunguo wa Dada, nikawasha taa za dashibodi, nikazima, nikawasha, nikazima, mbiombio kama alivyoelekeza. Mara gari likajibu lenyewe. Vitasa vyote vikapiga ko! Nikabonyeza kitufe cha ufunguo wangu. Ko! Limenikubali!

Nililia. Siandiki kwa kujisifu. Kiti kile bado kina harufu ya Baba, na gari lake lilikuwa limenijibu.

Mama aliuliza kutoka barazani ni nani yumo garini. Nikasema ni mimi, nafuta vumbi. Akasema vumbi la siku hizi lina kelele.

Jioni. Kitufe cha Dada hakifungui tena mlango. Shemeji amebadilisha betri ya ufunguo, kisha ameibadilisha ile betri mpya. Nikaenda chooni na simu, nikaitazama ile sehemu niliyoiruka. Bwana yule anasema wazi kabisa: ufunguo wa zamani nao lazima ubonyezwe pale pale, la sivyo gari litausahau. Gari limemsahau Dada. Sikukusudia. Ila sitadanganya kwamba nilihuzunika sana.

Kasoro iliyobaki: ufunguo wangu unafungua mlango tu. Injini inakohoa, inanyamaza. Chipu!

Jumapili, 9 Machi

Akili ni mali. Ikiwa siwezi kuitengeneza chipu nyingine, hii iliyopo inaweza kuhama.

Nimefua mara ya tatu. Nikaupasua ufunguo wa Dada ubavuni kwa kisu cha jikoni. Umekwaruzika kidogo, lakini Dada si mtu wa kuchunguza. Chipu ilikuwa humo, imejilaza. Nikaihamishia kwenye ufunguo wangu, nikaibana kwa gundi ya viatu. Wa Dada nikaufunga, nikaurudisha mfukoni mwa sare safi. Kwa nje ni uleule.

Nimelifikiria suala hili kwa uzito wake. Si wizi. Kitu kimehama chumba, nyumba ni ileile. Kesho Dada atawasha gari mbele ya watu wote na gari litakataa. Ndipo nitakapotokea.

Jumatatu, 10 Machi

Imekwenda kama nilivyopanga.

Dada aliwasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena. Shemeji akafunua boneti, akagonga hiki, akavuta kile, akasema ni pampu. Dada akaanza kuhesabu siku zilizobaki hadi Alhamisi. Mama akatoka, ameshika ukuta. Nikajitokeza nikiwa nimevaa shati la kanisani. Nikasema kwa utulivu niruhusiwe kujaribu. Gari liliwaka mara moja! Shemeji alibaki na spana mkononi, mdomo wazi. Ningependa kuikumbuka sura hiyo maisha yangu yote.

Wakauliza huu ufunguo umetoka wapi. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema ni wa akiba, marehemu aliniachia.

Dada aliuliza lini. Nikasema siku zile za mwisho. Akauliza, kwa sauti ndogo, Baba alisema nini aliponipa. Nikajibu kwamba alisema nitunze familia. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, lakini yalitoka yakiwa yamevaa viatu, tayari kwa safari.

Dada akaenda nyuma ya tangi la maji. Nilimsikia akipenga kamasi. Nilifikiri ningefurahi zaidi.

Mama akaomba azishike funguo zote mbili. Akazipapasa taratibu, kwanza wa Dada, kisha wangu. Wangu akauleta puani. Akanirudishia, akaniuliza kama kuna neno lingine ningependa kumwambia. Nikasema hakuna, Mama. Akasema haya, akarudi kwenye mchele wake.

Jumatano, 12 Machi

Mimi ndiye dereva wa kesho. Dada amekubali bila ubishi, na kunisemesha hanisemeshi. Shemeji ameacha kuniita Mhandisi, jambo ambalo nimeona linaniudhi vilevile.

Nimeliosha gari lote, kuanzia paa hadi matairi. Ufunguo nimeutundika shingoni kwa kamba, uonekane. Nilipokuwa nikiinama kukamua kitambaa ulitumbukia ndooni mara kadhaa. Kichwa chake kimeanza kuachia kidogo upande mmoja. Nimekibana kwa kidole gumba. Maji machafu nimeyamwaga chini ya ukuta.

Mama aliniita. Akauliza kwa mara nyingine kama sina neno. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, alale, kesho kutwa ataona. Akasema kuona ataona.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, kwa kuwa leo sina la kupamba.

Kulipopambazuka Mama alikuwa tayari, amevaa nguo yake nzuri, mkoba mapajani. Nikaingiza ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikajaribu tena. Ikakohoa. Taa nyekundu ya dashibodi ilikuwa ikipepesa. Nikautazama ufunguo. Ulikuwa umeachama, na ndani hamna kitu!

Nilitoka mbio hadi pale ukutani nilipomwaga maji. Tope. Nikapiga magoti na shati la kanisani. Dada akaja, akauliza natafuta nini. Nikasema chipu. Chipu ya nini? Ya ufunguo. Ufunguo gani? Nikasema wako.

Shemeji alielewa kwanza. Hakunipiga. Alisimama juu yangu na kusema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mhandisi." Kisha akapiga magoti na yeye. Tukawa watatu topeni, kila kokoto tunalishika mara mbili, na jua linapanda. Nilimsikia Dada akinong'ona kwamba orodha ya hospitali hufungwa mapema. Niliogopa kuliko siku ya mazishi. Baba alikuwa ameshakwenda. Mama ndiye aliyebaki, na mimi ndiye ninayemfungia dirisha.

Mama akasema tuondoke hapo, tunamkanyagia. Akaomba ungo. Akakaa chini kwenye unyevu na nguo yake nzuri, akaanza kuliokota tope konzi kwa konzi, akilitandaza kwenye ungo na kulipitisha vidoleni, uso ameuelekeza kwingine. Baada ya kitambo akanyoosha mkono. Chipu ilikuwa kwenye ncha ya kidole chake.

Akaniambia niirudishe nilikoitoa.

Nilipokuwa nikiirudisha, alisema taratibu kwamba ufunguo wa Dada una makovu ya kisu na wangu unanuka gundi ya viatu, na kwamba marehemu hakuwahi kununua kitu kipya maishani mwake. Alijua tangu Jumatatu. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Hakudhani ningeacha mpaka leo. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema, "lakini wewe umeileta mpaka kwenye macho yangu."



Dada aliketi kwenye kizingiti. Akauliza, kwa hiyo Baba hakusema vile? Nikasema hakusema. Akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta, akachukua ufunguo wake. Gari likawaka. Nilitamani anipige, tungekuwa tumemalizana.

Tulifika orodha ikiwa imefungwa. Dada aliingia ndani kuzungumza na wauguzi, mkunga kwa muuguzi, na sare yake ina tope hadi magotini. Wakamweka Mama wa mwisho. Nilikaa nje na mkoba wake hadi jioni. Nilisali kila sala ninayoijua, na moja niliyoitunga.

Ijumaa, 14 Machi

Wameturuhusu kurudi nyumbani, na Dada ameitoa bandeji sebuleni. Mama aliutazama ukuta kwanza. Akauona ufa, akauliza kwa nini haujazibwa. Akamtazama Dada, akasema amekonda, apunguze zamu za usiku.

Kisha akanitazama mimi. Muda mrefu. Akasema kumbe nimeota mvi. Akanishika mikono, akaigeuza, akasema imekuwa kama ya Baba kabisa, ila ya Baba ilikuwa inatulia.

Nilitoka nje kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Kikao cha familia. Nimeomba radhi mbele ya wote, nimesimama. Dada amenisamehe, jambo ambalo ni zito kubeba kuliko kofi. Na kuna zaidi: jana alipeleka gari kwa fundi wa funguo, akatambulisha ufunguo wangu kihalali, kwa mashine, vitufe vya funguo zote mbili vikafanya kazi. Muda wa kunywa chai, kweli. Ameutundika kwenye msumari sebuleni. Akasema huo ni wa nyumba nzima. Mwenye shida ya kweli auchukue, aurudishe.

Nilitokwa na machozi tena. Niliapa moyoni kuwa mtu mpya.

Lakini baada ya chakula nimeutazama msumari ule kwa utulivu. Uko wazi kabisa! Mtu yeyote anaweza kunyoosha mkono. Shemeji, kwa mfano, ambaye ana lori zima na bado leo nimemwona akiutupia jicho. Nani atakayeulinda? Mama ametoka juzi hospitalini. Dada ana zamu.

Nimekwenda dukani nikanunua kisanduku kidogo cha bati na kufuli lake. Nimekipigilia ukutani, palepale kwenye msumari, na ufunguo wa gari nimeuweka ndani. Mama alisikia nyundo, akauliza ninafanya nini. Nikasema naziba ule ufa.

Kufuli limekuja na funguo mbili. Mmoja nimeutundika shingoni. Wa pili nimeutumbukiza chooni, kwa usalama wa familia.