Kaimati za Mama wa Rais

Jumatatu, 19 Januari

Binti yangu Sumeya amerudi mbio kutoka shuleni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Anagombea urais! Ni urais wa shule, lakini urais ni urais. Mwalimu Harrison, yule wa Somo la Jamii, anawafundisha mambo ya serikali, na Ijumaa watapiga kura kama watu wazima. Sanduku, kura ya siri, wino kidoleni. Nikamuuliza, shule ina mwalimu mkuu, serikali nyingine ya nini? Akasema ni ya kujifunzia. Hm. Kitu cha kujifunzia hakitiwi wino.

Baadaye nikikuna nazi nikalia kidogo. Rais! Mimi niliyeishia darasa la nne kule Kipini. Mimi niliyetajishwa jina la babu mara tatu nilipotafuta kitambulisho, karani ananikodolea macho: Mswahili? Mswahili ndiyo kabila gani? Mama wa Rais haulizwi hivyo.

Anashindana na nani? Issack, mtoto wa Hodan. Nilijua! Jana Hodan alinunua pakiti nzima ya peremende. Muuza maziwa ya ngamia ana haja gani na peremende?

Jumanne, 20 Januari

Nimemhoji Sumeya kuhusu ahadi zake. Anayo moja. Mlango wa choo cha wasichana, uliong'oka na mvua. Nimekaa kitako. Nani amewahi kuchaguliwa kwa choo? Nikamwambia awaahidi lami mpaka kijiji cha Kulesa. Akasema hawezi, barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa, chekechea ni ya kaunti, na rais wa shule ana mipaka yake.

Hili nimelifikiria sana. Naona serikali imegawanywa vipande makusudi, ukienda kulalamika kila mmoja akuonyeshe ofisi ya mwenzake. Hawa watu si wajinga.

Mwalimu aliwauliza pia Mkenya ni nani. Mmoja akasema bendera, mwingine wimbo wa taifa. Issack akasema Mkenya ni mtu asiyeambiwa arudi kesho na babu yake. Mtoto wa Hodan, lakini hapo kasema kweli.

Jaafar, mume wangu, fundi seremala, anasema mlango si ahadi mbaya. Huyo anafikiria mbao zake. Mimi nimepata wazo langu.

Jumatano, 21 Januari

Kikao! Nimefanya kama wazee wa makabila ya hapa kabla ya uchaguzi mkuu. Wanakaa chini, ugavana kwa hawa, unaibu kwa wale, ubunge kwa wengine, kura inakuja kupiga muhuri tu. Wao waweze, sisi akina mama tushindwe? Nikamwita Hodan, na Dado wa Kulesa anayeuza maembe sokoni, naye ana binti pale shuleni. Mkeka mpya, chai ya tangawizi, kaimati zimelowa shira. Nikagawa: Sumeya Rais, Issack naibu, binti wa Dado spika. Kila mama awaambie watoto wa watu wake.

Dado akauliza, je, watoto wenyewe wameulizwa? Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Dado ana vichekesho!

Hodan akakubali. Hivi hivi! Akasema, Mama Sumeya, mwanangu akiwa naibu wa mwanao mimi sipungukiwi kitu. Kisha akala kaimati ya mwisho. Mtu mwenye nia safi hubishana angalau kidogo.

Walipoondoka, Jaafar akaniuliza watu wangu wa Kipini wana watoto wangapi pale shuleni. Nikahesabu. Sumeya. Na yule wa fundi simu. Ah, wale walihamia Mombasa. Nikaacha kuhesabu.

Alhamisi, 22 Januari

Hodan msaliti! Asubuhi nimemkuta langoni na kundi la watoto, anaongea nao Kisomali. Mimi Kisomali sipiti salamu. Lakini "Sumeya" nimelisikia, tena mara mbili, na watoto wakaangua kicheko. Aliponiona akanipungia mkono, katabasamu meno yote nje. Mimi simtabasamii mtu hivyo ila nimemfanyia jambo.

Nikarudi mbio. Unga, hamira, na sukari niliyomwekea wifi yangu akija. Saa ya mapumziko niko langoni na beseni. Kaimati mbili kwa kila mtoto, sharti aseme, Sumeya juu! Wamesema vizuri sana, wengine wamerudi kusema tena. Mvulana mmoja, Molu, akaniuliza, mama, nikila nne nipige kura ngapi? Nikampa nne. Na kila aliyekuwa akilamba vidole nikamnong'oneza kwamba unaibu usiende kwa Issack. Mkataba? Mkataba kauvunja Hodan kwanza, tena kwa Kisomali.

Ijumaa, 23 Januari

Nimevaa buibui jipya na mtandio mwekundu, nikaenda kuwa wakala. Kila mgombea ana wakala, nimeona kwenye runinga. Mwalimu Harrison akaniambia kwa adabu kwamba mawakala wa leo ni wanafunzi, mama akapumzike nyumbani. Nipumzike kwa nini? Kuna nini humo ndani? Nikapumzikia dirishani.

Wametia wino. Wamekunja karatasi. Wamehesabu kwa sauti, vijiti ubaoni. Sumeya Rais! Kigelegele kikanitoka, nikakizima kwa mtandio. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye malalamiko kabla hajatangaza. Nikamkazia macho Issack. Ametulia kama maji mtungini. Mkono ukanyooka safu ya mbele.

Wa Sumeya!

Akasema kuna mgombea ambaye mzazi wake aligawa kaimati langoni. Mwalimu akauliza, mgombea yupi? Akasema, mimi. Darasa zima likageukia dirishani. Nikainama, lakini mtandio mwekundu hauinami.

Uchaguzi umefutwa. Marudio Jumatatu.

Nimezaa mahakama!

Jumamosi, 24 Januari

Sisemi na mtu. Sumeya nimempa chakula, na kipande kikubwa cha samaki, lakini sisemi naye. Jaafar kila akipita anauliza kama Mahakama imeshiba.

Mchana nikashindwa. Nikamuuliza, mwanangu, umenifanyia nini? Nikamweleza ya kitambulisho, yule karani, babu mara tatu, watu kwenye foleni wakisikiliza. Nikalia. Akanifuta machozi kwa leso yangu mwenyewe. Akasema, mama, ningekalia kile kiti wangesema nimewekwa na kaimati. Kila siku ningeulizwa nimefikaje. Kama wewe na karani wako.

Nikamwongezea samaki.

Alasiri Issack akaja kufanya hesabu na Sumeya. Nikamkalisha mahali ambapo hawezi kukimbia. Nikamuuliza, Alhamisi mama yako aliwaambia nini watoto? Akasema aliwaambia wampigie Sumeya, kama mlivyopatana. Na wasichana wakamjibu wangempigia hata bila kuambiwa, maana wakienda chooni inabidi mmoja ashike leso mlangoni, na upepo ukija ni aibu tupu. Nikauliza, na kicheko kilikuwa cha nini? Kijana akaona haya. Akasema, mama alituambia Rais atakuwa Sumeya, lakini serikali yenyewe ni mama yake.

Kwa hiyo Hodan aliushika mkataba. Mwanzo mpaka mwisho! Huyu mwanamke ni hatari kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 26 Januari

Mlinzi ameambiwa nisilikaribie lango. Nimebaki nyumbani. Nimefagia ua. Nimeufagia tena. Wali umeungua. Nikafikiri, akishindwa leo ni mimi niliyemwangusha, na hatasema neno, atakula tu na kuosha sahani yake. Hilo ndilo lililoniuma. Hata jina la babu halikuniuma hivyo.

Issack ndiye aliyefika wa kwanza, anahema. Sumeya Rais! Tena kwa kura nyingi kuliko za Ijumaa. Na yeye mwenyewe, wa pili kwa kura, naibu. Akasimulia kwamba Molu, mla kaimati nne, alisimama mbele ya shule nzima akamuuliza Sumeya watu wake wako wangapi hapa, mbona yeye hajawaona. Sumeya akamjibu watu wake ni wote waliopanga foleni mbele yake, na Molu pia akitaka, ila kwanza ajifute shira mdomoni. Shule ikavunjika kwa vicheko. Molu naye akacheka, akajifuta.

Nimelia mpaka Jaafar akaniletea kitambaa chake cha vanishi.

Kwa hiyo nimeshinda kwa kukaa nyumbani. Hiyo ndiyo mbinu yangu kubwa kuliko zote, na hakuna aliyeigundua.

Kabla ya magharibi Hodan akaja na kibuyu cha maziwa. Hongera, Mama wa Rais, na pesa hataki. Bure! Nikampa paka kwanza. Paka akalala. Nimekaa naye mpaka akaamka.

Jumatano, 28 Januari

Jaafar amemaliza mlango wa choo. Mbao safi, komeo la ndani. Kesho unapachikwa chooni. Nimemwambia aandike kwa rangi, herufi kubwa, MLANGO HUU UMELETWA NA MAMA WA RAIS, kama waheshimiwa wanavyoandika kwenye vyoo vyao. Akasema mbao ni zake na jasho ni lake. Nikamwambia ataandikwa chini, herufi ndogo. Nimechana ukingo wa leso uwe utepe. Nitaukata mimi.

Jambo jingine. Mwezi ujao wazazi wanachagua mwenyekiti wa kamati ya shule. Nimemuuliza Dado kama Hodan anakitaka kiti. Dado akasema Hodan hajasema chochote. Hajasema chochote! Basi anakitaka.

Nimeweka mafuta motoni. Sumeya akaingia, akalitazama beseni la unga, akauliza kaimati zote hizi ni za nini. Nikamwambia ni za sherehe ya mlango tu, wazazi wote watakuwepo. Alisimama pale pale jikoni, akanyoosha mkono juu kama Ijumaa ile, kana kwamba Mwalimu Harrison amekaa kwenye kinu.

Nikachukua kaimati ya moto, inachuruzika shira, nikaiweka kwenye kile kiganja.

Ameila!

Kura moja tayari.