Mkono Wangu Mgonjwa na Mkanda wa Gari

Kwa Dokta Halloran,
Zahanati ya Ziwani,
Manitoba.

Mpendwa Dokta,

YAH: KUNINYIMA CHETI CHA KUSAMEHEWA MKANDA

Pole na baridi, na pole na wagonjwa wengine, ambao najua wanakuchosha kuliko mimi. Jumanne ulinisikiliza kifua, ukanigonga goti, kisha ukasema mbele ya nesi: "Mzee Sigurjon, sijaona bado ugonjwa unaotibiwa kwa kurushwa nje kupitia kioo cha mbele cha gari." Nesi alicheka. Nami nilicheka, kwa adabu. Nilipofika nyumbani ndipo nikaudhika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkono wangu wa kulia unaumwa. Wewe ni mgeni hapa, lakini umeshatuona tukiendesha pikapu juu ya barafu ya ziwa kwenda kuvua. Ukishaikanyaga barafu unafungua mkanda na kushusha kioo, ili ikipasuka utoke kabla gari halijazama. Mkono huu umefanya hivyo tangu ujana wangu. Sasa hata barabarani unafungua wenyewe, mimi sijauambia kitu. Kama huo si ugonjwa, basi ni nini?

2. Askari trafiki alinisimamisha mbele ya kanisa, kioo kiko chini, theluji inaniingia masikioni. "Babu, ziwa liko nyuma yako," akasema. Nikamwambia hata hii lami siiamini sana. Akaniandikia faini. Cheti chako kingemfunga mdomo.

3. Mkanda unapita tumboni, palepale keki ya plamu ya mke wangu inapopumzika.

4. Hili ndilo kubwa. Mke wangu Vala amelisusa gari langu. "Sipandi na mtu anayejiandaa kuzama nchi kavu," kasema. Kila Ijumaa, tukienda ukumbini kula samaki, anapanda gari la jirani yetu Metro Hrycak, mgane, mwenye viti vinavyojipasha moto. Mimi nawafuata nyuma peke yangu, natazama visogo viwili vinavyocheka. Cheti kingemwonyesha Vala kuwa mimi si mkaidi, ni mgonjwa tu. Mgonjwa haachwi.

5. Ukishashika kalamu, nisamehe pia kusimama kwenye alama za barabarani, kwa ajili ya goti la kukanyagia breki. Na Metro umkataze vile viti, kwa usalama wa figo zake.

Wasalimie nesi, mumeo, na yule paka wa mapokezi.

Wako katika maradhi,
Sigurjon Bardal

Tanbihi: Barua haikufika posta. Vala aliikuta mezani, akaisoma yote, akasema, "Haya, twende tukaiposti. Ila funga mkanda." Nikafunga, mkono wa kushoto ukiuzuia ule mgonjwa. Karibu na daraja kulungu akaturukia mbele. Gari likaingia mtaroni, pua chini, tukabaki tunaning'inia kwenye mikanda kama samaki wa kukausha, wazima wote wawili. Metro akatokea, akafungua mlango wa gari lake lenye joto. Vala akamwambia, "Asante jirani, wewe tuvute tu. Nina mgonjwa hapa."

Niko mapokezini kwako sasa. Cheti sikitaki tena. Vala ameushika ule mkono usije ukafungua chochote. Nipe dawa ya michubuko ya kifuani, Dokta, ila isiwe ya kuponya haraka.