Handaki Nyuma ya Pipa la Kabichi

Jumatatu, 20 Novemba
Mabasi matatu ya watalii yamepanda kwenda monasteri leo. Yote yameshukia kwa jirani yangu Gencho, kulala. Vyumba vyangu viwili vya wageni vitupu, kama kawaida. Gencho kanipungia mkono kwa huruma. Huruma yake aende nayo huko. Lakini nimepata wazo. Kuanzia kesho, handaki la siri walilotorokea watawa wa kale linaanzia kwenye stoo yangu ya chini. Nani atabisha? Watawa wenyewe walishakufa.

Jumatano, 22 Novemba
Mambo yameiva! Kaja mgeni, mama wa miwani. Nimemshusha stoo, nikamwonyesha ukuta nyuma ya pipa ambamo mke wangu, Nedka, anachachusha kabichi. Kila ninachosema anaandika. Nikajua huyu atanisifia mtandaoni, nikaongeza sanduku la dhahabu na askofu aliyezikwa nalo. Nedka kaniuliza tangu lini ukuta aliojenga baba yangu una askofu. Nimemwambia asiniharibie biashara.

Ijumaa, 24 Novemba
Mama wa miwani ni Daktari Ralitsa, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Sofia. Karudi na polisi. Stoo imefungwa kwa lakiri hadi uchunguzi uishe, hakuna kugusa kitu. Na pipa limo ndani. Maji ya chumvi yasipochotwa na kumiminwa upya kila baada ya siku mbili, kabichi inaoza. Tarehe sita Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, wakwe wa binti yetu wanakuja kwa mara ya kwanza, na Nedka kawaahidi wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi yake. Kasema kwa upole kabisa: Dobri, kabichi ikioza, mimi naenda kwa dada yangu, wakwe utawapikia askofu wako. Upole ule umenitisha.

Jumatatu, 27 Novemba
Nimekubali kujidhalilisha. Nimemwambia Daktari kuwa yote ni uongo, mwanzo mwisho. Kacheka. Kasema kila aliyekalia dhahabu husema hivyo hivyo. Kaongeza polisi wa pili. Gencho kasikia, naye anachimba stoo yake kuelekea kwangu.

Jumamosi, 2 Desemba
Uchunguzi umeisha. Wamepata matofali ya marehemu baba. Lakiri itaondolewa Jumanne. Harufu ya kabichi imefika barabarani. Nedka kalia. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nimeapa mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola kwamba situngi tena uongo. Kaniamini, maskini. Kavaa koti, kaenda kumwomba kabichi mke wa Gencho.

Jumanne, 5 Desemba
Asubuhi Nedka kajaza vyungu jikoni kwa kabichi ya mke wa Gencho, mpaka anaimba. Mimi nje nafagia. Wakasimama vijana wawili getini, wameziba pua, wakauliza kinachonuka ni nini. Ningefanyaje? Nimesema inasemekana mtawa mmoja mtakatifu kazikwa chini ya jiko letu. Inasemekana tu, sikuthibitisha kitu. Kumbe ni wanafunzi wa Daktari Ralitsa, wamekuja kuondoa lakiri. Wameitoa kwenye stoo, wakaibandika jikoni. Vyungu vimo ndani. Nedka yuko kituo cha basi na begi lake, simu hapokei. Wakwe wanafika kesho saa nne.

Nimekaa nimetafakari sana. Kosa langu sasa naliona. Yule mtawa ningemzika kwa Gencho.