Usiseme Karibu

Jumamosi, 11 Oktoba

Chama chetu cha wasomaji hakina mwenyekiti! Aliyekuwepo amehamia Texas, eti baridi ya Minnesota imemshinda. Wengine wamesikitika. Mimi nimeinamisha kichwa ili wasione ninavyotabasamu.

Velma, katibu wetu, nesi wa Maple Grove mwenye sebule unayoweza kufungia harusi, ametoa mpango. Anasema maktaba zimejaza meza vitabu vya kutisha na maboga juu yake, kwa sababu majani yakianza kuanguka Wamarekani hutaka kuogopeshwa. Watoto wetu wanaviazima, sisi hata hatujui vimeandikwa nini. Basi kila mmoja alete pendekezo la kitabu kimoja cha kutisha, na tarehe 25 tupige kura. Mwenye pendekezo bora ndiye mwenyekiti.

Nikarukia hapo hapo. Nikasema kura zipigwe kwangu, Brooklyn Park, na pilau itakuwepo. Jedidah, mke wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza. Mpishi ni yeye.

Hii nafasi lazima niipate. Shajara, wewe nakuambia ukweli: mwezi wa nane nilimwambia Mama kwa simu kwamba nimeshachaguliwa. Alikuwa ananisifia mtoto wa jirani ambaye sasa ni naibu wa chifu, roho ikaniuma, nikajikuta nasema hata mimi ni mwenyekiti, tena Marekani. Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Sasa Chavakali nzima, kijijini kwetu, inajua, na anataka kuniona kwa video nikiongoza kikao. Hapa kazi yangu ni kugeuza wazee kitandani usiku kucha, halafu nalala mchana. Hakuna mtu nchi hii aliyewahi kunichagua kwa jambo lolote. Naitaka sana, jamani.

Mpinzani ni mmoja tu: Onesphore, Mkongo wa Oakdale. Zamani mwalimu Uvira, siku hizi anaendesha forklifti ghalani. Miwani yake ina kamba. Kila kitabu ukikitaja, amekisoma. Simpendi kabisa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeazima kitabu cha kutisha. Nimesoma kurasa nne kwenye kiti karibu na dirisha, jua likiwaka, redio ya injili ikiimba. Kuna mtoto anafungua mlango wa dari, hakuna mtu, lakini kiti kinatikisika. Nikakifunga. Nikaenda kukifungia kwenye buti ya gari.

Jioni, wakati wa kwenda kazini, nikakumbuka kitabu kimo humo humo ndani ya gari. Peke yangu na kile kitu, barabara nzima? Aka! Nimeomba lifti kwa mwenzangu wa shifti. Jedidah atakirudisha. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 15 Oktoba

Wazo! Sijui kwa nini watu hawaniiti mjanja.

Kama siwezi kusoma kitabu cha kutisha, nitapendekeza ambacho hakipo. Hakitanitisha mimi, kwa sababu najua hakipo. Na Onesphore hawezi kusema amekisoma!

Kinaitwa Usiseme Karibu. Mwandishi hajulikani. Zilichapishwa nakala chache, na walionunua walizichoma moto wenyewe kwa woga. Kisa chenyewe: kuna kitu kinabisha mlangoni lakini hakisemi hodi. Ukikijibu karibu, basi, umekikaribisha. Kinaingia na hakiondoki tena. Nimekitunga chote nikipiga mswaki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku tamu, siku chungu.

Tumekutana kwa Velma kutoa mapendekezo. Nimesimama. Nimekisimulia taratibu, nikishusha sauti pale pa kubisha. Nikagonga meza: ko, ko, ko. Velma akamwaga chai. Mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nikaona wazi kabisa nimekalia kiti cha mwenyekiti, Mama akilia kwa furaha kwenye video.

Halafu Onesphore akavua miwani. Akasema ameguswa sana kusikia kitabu hicho kikitajwa. Yeye alikisoma akiwa kijana. Bukavu. Kwa Kifaransa!

Ala! Muongo yule! Ningesema nini? Kwamba hajakisoma kwa sababu nimekitunga bafuni juzi?

Akaendelea, bila haya. Akasema papa Jotham, yaani mimi, amesimulia vizuri ila ameacha mwisho. Mwishoni, anasema, kile kitu kinajifunza kusema hodi, tena kwa sauti za watu unaowajua. Hakina mikono, kwa hiyo kinabisha kwa paji la uso. Na nyumba kinazozipenda ni zile zenye mtu anayelala mchana.

Katika chama chetu anayelala mchana ni mimi peke yangu.

Nikasema kwa ukali nakala yangu haina mwisho huo. Akanihurumia, mbele za watu, akasema labda yangu ilinyofoka kurasa. Wote wakaguna, wakimwangalia yeye. Kitabu changu mwenyewe, na sasa naambiwa sikukimaliza!

Jumatatu, 20 Oktoba

Habari njema. Kitabu kinafanya kazi!

Jedidah ameleta umbeya kutoka kazini, maana yeye na Velma wako wodi moja. Mama Nyiraneza, mke wa pasta, alikwenda kwa Velma Jumamosi jioni na sufuria ya moto ya sombe, yale majani ya muhogo. Akasema hodi. Velma akakumbuka ule mwisho wa Onesphore, akakataa kujibu. Mama Pasta akasema ni mimi, mwanangu. Velma akasema ndiyo hivyo hivyo kingesema. Akamtaka akariri zaburi kupitia mlango. Mama Pasta akaikariri yote, bila kukosea. Velma akasema hata shetani anajua zaburi. Sombe ikapoa, mke wa pasta akarudi nayo nyumbani amevimba.

Sasa naelewa kwa nini jana pasta alihubiri habari za kupokea wageni mpaka watoto wakalala. Alikuwa anatuangalia safu yetu.

Si Velma tu. Watu wetu hawajibu mlango tena. Mizigo imerundikana nje, kwa sababu wale vijana wa kuleta mizigo hubisha na kuondoka bila hata hodi. Wengine wamekiuliza kitabu maktabani, wakaambiwa hakimo. Wanaogopa zaidi! Nimewaambia kitabu cha aina hiyo hakiwezi kukaa kwenye kompyuta.

Kura zangu hizo. Nazihesabu nikioga.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo mchana. Nimelala. Jedidah kazini.

Ko. Ko. Ko.

Si mlangoni. Ukutani! Nyuma ya kitanda! Kama mtu anagonga kwa kitu kigumu kidogo, cha mviringo. Kwa mfano paji la uso.

Nimejifunika blanketi mpaka utosini. Nimeimba nyimbo zote za kitabu cha tenzi ninazozijua, na za Krismasi pia. Jua lilikuwa linawaka vizuri tu nje, jirani anapuliza majani kwa ile mashine yake ya kelele, na mimi nimo gizani chini ya blanketi.

Jedidah aliporudi nikamweleza. Akasema ni mabomba ya hita. Wenye nyumba wamewasha joto leo, maji ya moto yakipita kwenye mabomba ya baridi lazima yagonge. Kila mwaka yanagonga. Akaniuliza miaka yote hiyo mbona sikuogopa.

Miaka yote hiyo nilikuwa sijatunga kitabu!

Akaniuliza naogopaje kitu nilichokitunga mwenyewe. Nikamweleza kwamba sehemu yangu siiogopi. Naogopa sehemu ya Onesphore.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sijalala. Ukuta umegonga asubuhi yote.

Nimefikiria kusema ukweli kesho kabla ya kura. Nimelifikiria jambo hilo karibu dakika nzima. Halafu Mama akatuma ujumbe wa sauti: ameshona kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya video, na wanawake wa kanisa watakuja kwake kunitazama. Sasa nitawaambia nini wanawake wote wale?

Sisemi kitu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandikia jikoni. Mlango wa nyumba uko wazi, Jedidah ameuacha hivyo makusudi.

Nieleze kwa utaratibu. Pilau ilikuwa tayari, viti nimepanga, kiti changu mbele. Jedidah akagundua hakuna soda, akachukua gari akaenda. Nikabaki peke yangu.

Hita ikawaka. Ko, ko, ko, ukuta wa sebule. Nikasema moyoni, mabomba. Ko, ko, ko, ukuta wa chumbani. Mabomba. Halafu ko, ko, ko, mlangoni!

Mlangoni hakuna mabomba.

Na sauti ya Velma ikasema: hodi!

Shajara, nilijua ni Velma. Niliwaalika mwenyewe. Lakini miguu haikujua. Nilijikuta ndani ya kabati la nguo, kati ya makoti ya baridi, nimekumbatia buti la theluji. Velma akabisha tena. Hodi, Jotham! Ikafuata sauti ya Onesphore, nene, ya taratibu: hodi, papa Jotham. Zote mbili! Kama mwisho wa kitabu ulivyosema!

Hapo simu ikaita mfukoni. Video. Mama. Nikaipokea haraka ili inyamaze. Nikamwona Mama na kitambaa kipya, nyuma yake wanawake wa kanisa wamejaa sebuleni, kwao usiku umeshaingia lakini wamekataa kulala. Mama akauliza mbona giza. Nikamnong'oneza anyamaze. Akauliza mbona nimevaa koti kichwani.

Na nje: hodi! Hodi!

Mama yangu hajawahi katika maisha yake kuacha mgeni mlangoni. Akachungulia kwenye simu, akavuta pumzi, na kwa sauti ile anayoitia ng'ombe akaita: KARIBUNI! INGIENI NDANI!

Nikapiga yowe. Nikazima simu. Amekikaribisha!

Nje nikasikia kelele, na vishindo vya watu wengi wakiteremka ngazi. Sikuelewa mpaka Jedidah aliporudi na kunitoa kabatini kwa kunivuta sikio. Wao walikuwa wameona gari letu halipo. Wanajua nyumba hii haina mwanamke mwingine. Ghafla bibi wasiyemjua akawakaribisha kutoka ndani ya ukuta, na mwanaume akapiga yowe. Velma aliacha kiatu kimoja kwenye ngazi. Na aliyefika chini wa kwanza ni nani? Onesphore! Miwani ikimpiga mgongoni! Mwisho kautunga yeye, na bado amekimbia!

Jedidah aliwakuta kwenye maegesho, wanatetemeka, nusu kwa baridi na nusu kwa hofu. Walikataa kupanda. Wakapigia kura pale pale, kwenye boneti ya gari la Velma, majani yakiwadondokea. Velma alisema kitabu kilichoshinda ni Usiseme Karibu, hilo halina ubishi. Nikashangilia Jedidah alipofika hapo katika kunisimulia. Lakini, Velma akasema, anayefaa kuwa mwenyekiti ni yule aliyekisoma mpaka mwisho.

Onesphore amepata kura zote. Nimemuuliza Jedidah, zote? Amesema zote, hata yake. Onesphore alikuwa amembebea soda.

Halafu Jedidah akawaeleza kwamba sauti ile ilikuwa ya Mama kwenye simu, wakapanda juu wakala pilau yangu. Nimekaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na hita. Nimeona aibu na nimehuzunika, nisijifanye. Kile kiti cha mbele nilikifuta vumbi mwenyewe.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimempigia Mama asubuhi, kabla ya kanisa. Nimeamka nimeazimia kumwambia yote. Akaniwahi. Akauliza, wanawake wote wanauliza, kwa nini mwenyekiti alikuwa kabatini.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Nikasikia mdomo unasema kwamba huku Marekani ndiyo desturi. Mwenyekiti hufichwa kabatini wakati kura zinapigwa, asije akazishawishi. Mama akasema hiyo ni nchi yenye utaratibu. Akapiga vigelegele. Sasa wanataka kanisa lao lifanye hivyo kwenye uchaguzi wa Desemba, na mtoto wa jirani, yule naibu wa chifu, ndiye atakayeingia kabatini kwanza. Simhurumii.

Baada ya ibada Onesphore akanishika mkono mbele ya wote. Akanishukuru kwa moyo safi, jambo lililonichoma. Mke wa pasta alikuwepo, bado amenuna, na Velma amebeba sombe ya kumwomba radhi. Onesphore akatangaza kwamba kitabu cha kwanza cha uongozi wake kitakuwa Usiseme Karibu, tukisome pamoja msimu wa theluji. Akaniomba nakala yangu, hata kama imenyofoka.

Nikasema nimemwazima yule mwenyekiti wa zamani aliyehamia Texas.

Wakasikitika! Nyuso zote zikashuka. Na wakaniangalia mimi, Shajara. Chama kizima kikaniangalia mimi, kikingoja niseme neno. Mtu akiangaliwa namna ile atafanya nini?

Nikasema wasijali, mwandishi yule yule ana kitabu cha pili. Kinatisha kuliko cha kwanza.

Velma akashika kifua. Onesphore akavua miwani polepole, akaipangusa. Akasema hicho cha pili amekisoma, Bukavu, ni kizuri, ila kusema kweli hakifikii cha tatu.

Nikamwambia cha tatu ninacho nyumbani, kina sahihi ya mwandishi. Nitawaletea Jumamosi.