Roboti Lenu Lasema "Enhe?" na Mke Wangu Amenyamaza

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa,

Salamu nyingi, na samahani kwa mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi. Mimi ni kinyozi wa hapo ng'ambo ya barabara. Nalalamikia sanamu lenu la roboti, lile la shingo ndefu. Mtu akiliongelesha huinama, hutega sikio la bati na kusema, "Enhe?" Basi. Halina neno jingine, na watu wanapanga foleni.

1. Wateja wangu wanakuja wakiwa wameshamaliza maneno kwenu. Wanakaa kitini kimya kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Kinyozi asiye na umbea ni mashine ya kunyolea tu.

2. Mke wangu, fundi cherehani, hupitia kwenu kila jioni. Nikimuuliza, "Za kazi, mama watoto?" anajibu, "Nimeshasema." Kwa nani? Kwa bati! Nina wivu, Mheshimiwa, sifichi.

3. Nimejaribu kuliiga. Nikainamisha shingo mezani, nikasema, "Enhe?" Akaniletea dawa ya kuchua.

4. Roboti lenu halina adabu ya mazungumzo. Binadamu mwenye heshima zake humkatiza mwenzake: "Hilo lako dogo, ngoja nikupe langu!" Miaka ishirini na sita namkatiza mke wangu, ndivyo anavyojua nipo. Lenu linamwacha mtu mpaka anamaliza. Sasa akishamaliza yote, nyumbani atarudi na nini?

Kwa hiyo naomba mlifundishe kukatiza, kupiga miayo na kuuliza, "Ulikuwa unasemaje vile?" Mkishindwa, walau mliondolee hiyo sauti laini ya kijana, inayojifanya haina haraka. Vijana wa namna hiyo nawajua. Wanataka kitu.

Nisalimieni wafanyakazi wote: mlinzi, mfagiaji na yule dada wa tiketi. Roboti msiliambie kitu, litataka kusikia zaidi.

Ni mimi jirani yenu niliyeumia,
Kinyozi wa Ng'ambo

Baada ya sahihi: Nimemsomea mlinzi wenu barua hii hapa getini. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia kuwa sauti hiyo mliitoa kwenye kaseti aliyowaletea mke wangu, ya siku za uchumba wetu, nilipokuwa najaribu kurekodi kwa redio kaseti mpya huku yeye akinisimulia mambo yake. Kumbe ni mimi. Tafadhali msibadilishe chochote. Naomba tu kesho mniruhusu nisimame nyuma ya mke wangu kwenye foleni. Sitasema neno.