Dilys wa Tano

Jumatatu, 7 Julai
Sijamwambia mtu yeyote: kazini naitwa Cadi. Jina langu ni Dilys. Kwa lugha yetu maana yake ni "halisi, wa kweli". Ndiyo, najua. Lakini nyumba hii ya kutunzia wazee, hapa mjini Bala, ina akina Dilys wanne, na mdogo wao ana miaka themanini na minne. Shuleni waliniita Bibi Kizee miaka mitano. Shule imekwisha. Kifuani nimebandika: CADI. Safi!

Jumanne, 8 Julai
Bi Rhiannon, msimamizi wetu, aliita: Dilys, chai yako. Nikapokea. Nikanywa. Dilys Posta, mmoja wa wale wanne, aliyegawa barua mjini miaka thelathini, akauliza tangu lini mimi nimekuwa yeye. Nikajitetea kwamba sisikii vizuri. Sasa wote wananisemesha kwa kupayuka.

Jumatano, 9 Julai
Balaa. Nain, ndivyo tunavyomwita bibi, yule niliyerithi jina lake la Dilys, ameteguka mguu. Kesho analetwa hapa kazini atunzwe wiki mbili. Darasani kwao akina Dilys walikuwa sita. Mwalimu aliwatofautisha kwa majina ya mashamba yao. Siku hizi kanisani habatizwi hata Dilys mmoja. Kati ya anaowajua, mimi ndiye wa mwisho kupewa jina hilo. Akigundua nimelitupa!
Mpango: kujificha chumba cha kufulia kwa wiki mbili. Hauna kasoro.

Alhamisi, 10 Julai
Una kasoro. Mchana nilikuwa mlangoni pa ukumbi wa chakula, nyuma ya toroli la mashuka. Nain akauliza Dilys yuko wapi. Mikono minne ikainuka. Akasema si hao, ni mjukuu wake, anafanya kazi hapa. Bi Rhiannon akamjibu taratibu, kama anayembembeleza mtoto, kwamba hapa hakuna msichana Dilys. Kisha akamnong'oneza mpishi: maskini, kumbukumbu zinampotea, tutazame kama anafaa kurudi kuishi peke yake.
Nain akatazama mikono yake. "Labda nimekosea," akasema.
Nain huwa hakosei.
Nikatoka na toroli langu. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyokusudia. "Dilys ni mimi."

Ijumaa, 11 Julai
Nilidhani Nain atanuna. Alicheka. Akasimulia kwamba yeye alipozaliwa, bibi yake aligoma wiki nzima kulitamka jina Dilys: neno la kawaida tu, watu wa juzi wamelifanya jina! Majina hasa, alisema bibi huyo, ni Marged na Catrin. Nikamwuliza Cadi je.
"Cadi si ndiye Catrin, akiitwa kwa kudekezwa? Umemkimbia bibi, mwanangu, ukaangukia kwa bibi wa bibi."
Nimewaza siku nzima. Huenda kuna msichana, hajazaliwa bado, atakayejificha nyuma ya toroli ili asiitwe Cadi.
Bi Rhiannon ameomba radhi: mguu ukipona, Nain atarudi kwake. Dilys Posta amenipachika jina: Dilys Cadi.

Jumamosi, 12 Julai
Somo la kwanza la udereva. Mwalimu akauliza naitwa nani. Mdomo ukasema Nest kabla sijaushika. Zuri. La kisasa, nadhani, ingawa nahisi nililiona kwenye kaburi kuukuu. Nitachunguza baadaye limetoka wapi.
Wewe tu, daftari langu, ndiye unayejua. Tafadhali, Nain asisikie.